Barua ya wazi kwa wakuu wa afya Tanga: banzi la babu na hogo la hospitali

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga, waganga wakuu wa halmashauri zote za mkoa, waratibu wa tiba asili na waheshimiwa madiwani.

YAH: WANAOVUNJIKA MIFUPA WANAVYOPOTELEA NJIANI KATI YA BANZI NA HOGO

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa mlio rika langu, poleni na kazi.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Banzi ni vile vijiti anavyofungia mwunga mifupa wa kienyeji, na hogo ni ile plasta ngumu ya hospitali.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, kazi niliyoianza kabla bodaboda hazijaujaza mji. Nimeshika spana kuliko kalamu, kwa hiyo mtaniwia radhi barua ikipinda. Ila kunyoosha kilichopinda ndiyo riziki yangu. Ringi iliyoingia shimoni haigongwi nyundo. Unaipindua baiskeli kichwa chini, unazungusha gurudumu polepole, unategesha kidole usikie ringi inagusa wapi, kisha unakaza spoki ya huku nusu mzunguko na kulegeza ya kule nusu mzunguko. Mteja anakuhimiza, wewe unamwambia akanywe kahawa. Ringi ile ukiiwahi siku ileile inarudi kama ilivyotoka dukani. Ikishapandiwa miezi miwili na magunia juu, hairudi, unamuuzia mpya.

Mfupa nao una kalenda yake. Ukivunjika, damu inaganda palepale. Ndani ya wiki mbili tatu pale penye damu panafanyika utando laini wa gegedu, na kuanzia wiki ya sita hivi mfupa mchanga unaanza kushika. Kukomaa ni kazi ya miezi. Muundi wa mtu mzima huomba miezi minne, mara nyingi zaidi, kwa sababu mbele yake hakuna nyama ya kuupelekea damu, ni ngozi tu. Paja huomba miezi mitatu hadi sita. Mtoto huunga upesi, karibu nusu ya muda wa mkubwa. Mfupa haujali umefungwa na nani, profesa au mzee mwenye kanzu kuukuu. Mara nyingi utaunga tu. Shida ni utaunga ukiwa umekaaje. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na sidhani walikuwa wanawaza samaki peke yake.

Nawaandikia kwa sababu nimelala pande zote mbili: kwenye jamvi la mwunga mifupa na kwenye kitanda cha wodi. Pande hizi hazisemezani. Mgonjwa ndiye anayepita katikati akichechemea, akibeba siri za huku asizisema kule.

Nianze na babu yangu mzaa mama. Alikuwa mwunga mifupa, kijijini upande wa njia ya Pangani. Aliletewa wakwezi walioponyoka minazini, wavuvi, na watoto, hasa msimu wa maembe. Kazi yangu ilikuwa kushika koroboi. Alikata mabanzi ya mwanzi, akayapara kwa kisu mpaka ukipitisha kiganja hayachomi, akayasuka kwa ukindu yakawa kama kijamvi kidogo. Kwanza kitambaa laini, kisha banzi, kisha kamba. Na hapa naomba mkae kitako mnisikilize: hakuwa akifunga akaenda kulala. Usiku aliamka akaja na koroboi, akaubonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka ukawa mweupe, akauachia, akahesabu. Wekundu ukirudi kabla hajafika tatu, alisema, "Damu inapita," akarudi kitandani. Ukikawia, alifungua kila kitu, hata kama ni saa nane za usiku, akaanza upya. Alimwambia mgonjwa achezeshe vidole. Akimwuliza, "Unakisikia hiki?" na mgonjwa akasema kama kimevaa soksi, alifungua pia.

Na wapo aliowakataa. Mfupa uliochungulia nje ya ngozi hakuugusa. Alikuwa akisema, "Huu umeona jua, huu si wangu," akaagiza kitanda cha kamba na vijana wanne wa kubeba. Hakusoma hata darasa moja la serikali. Lakini alijua pale ngozi ilipofunguka uchafu umeshaingia, na mfupa ukiingia usaha hauponi kwa mafuta ya nazi. Leo madaktari wanatuambia dawa ya kuzuia usaha ianze ndani ya saa za mwanzo kabisa, kidonda kioshwe, na sindano ya pepopunda isisahaulike. Babu hakuwa na sindano. Alikuwa na adabu ya kujua mwisho wa kazi yake.

Miaka minne iliyopita zamu ikawa yangu. Nilikuwa narudi na mzigo wa baiskeli za mtumba, nje ya mkoa huu, gari tuliyopanda ikaacha barabara. Muundi wangu wa kulia ulikatika vipande viwili, ngozi haikufunguka. Abiria mmoja, mama wa makamo, alivua kanga yake akanifungia mguu kwenye fito mbili za mtu aliyekuwa amebeba kuku. Mungu amlipe. Kanga yake sikumrudishia mpaka leo.

Hospitali niliyopelekwa siitaji, wala wilaya yake. Sikuja kushtaki mtu. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iliulizwa kabla ya jina langu. Mashine ya eksirei ilikuwepo, mpigaji ndiye hakuwepo, nikapigwa picha siku ya pili. Wakanifunga nusu hogo kwa nyuma, wakaniambia mfupa unataka chuma ndani. Bei ilitajwa, mke wangu akauliza kama ni chuma cha kujengea meli. Daktari wa kukiweka anakuja, wakasema. Lini? Anakuja.

Nilikaa siku tisa. Jirani yangu wa kitanda, kijana wa bodaboda mwenye paja lililovunjika, mguu ukiwa umevutwa kwa mawe, alinitania: "Wewe si wa Tanga, mzee? Si mnasema waja leo waondoka leo?" Tulicheka. Usiku alilia, nikajifanya nimelala.

Hogo lile likaanza kuwasha. Nikamtuma kijana wangu wa karakana aniletee spoki. Waheshimiwa, nichekeni nikiwa nimekufa, ila spoki ya baiskeli ni kijiti kitamu kuliko vyote vya kujikunia ndani ya hogo. Nilijikuna siku mbili. Siku ya tatu pakatoka maji, ya nne pakanuka. Kidonda kile nilikitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ameniambia nisiingize kitu. Sentensi moja ingetosha, ingeandikwa hata kwa makapeni juu ya hogo lenyewe.

Kilichonitoa pale si maumivu, wala si bei. Ni kutojua. Wangeniambia nisubiri siku 20 ningesubiri, maana ningekuwa nahesabu kitu. Jioni ya siku ya tisa ikakaa familia: ami yangu, shemeji wawili, mke wangu. Ami akasema mguu wa mtu haungoji foleni. Asubuhi nikatia sahihi kwamba naondoka kwa hiari yangu. Hiari!

Mwunga mifupa niliyepelekwa hakuwa tapeli, na sitaki asingiziwe. Alikuwa mpole, alichaji kidogo, alinilaza ndani kwake, na mkewe alinipikia. Alikiuguza hata kile kidonda cha spoki kikakauka. Lakini kila asubuhi aliuchua mguu kwa mafuta ya moto, jambo ambalo babu hakulifanya kamwe wiki za mwanzo, kwa sababu mfupa unaotaka kushika hautaki kutikiswa. Na kipande cha chini kilikuwa kimejificha ndani ya uvimbe. Alikitafuta kwa vidole, hakukiona. Asingeweza kukiona. Picha yangu ya eksirei ilikuwa kilomita 60 kutoka pale, ndani ya faili, na mimi niliogopa kuifuata kwa kuwa niliondoka kwa sahihi.

Baada ya wiki saba nikasimamishwa wima. Nikielekeza goti baharini, vidole vya mguu vinatazama Pangani. Natia chumvi kidogo, lakini kidogo tu. Nikaishia Dar es Salaam, mfupa uliokwisha kuunga ukakatwa upya na kuwekewa chuma. Maumivu ya pili yalikuwa ya bure kabisa.

Sasa nigawieni lawama. Daktari wa kwanza alijua mguu wangu unataka nini, hakujua naondokea wapi. Mwunga mifupa alikuwa na muda wote wa kuniangalia, hakujua anafunga nini. Kati yao palikosekana karatasi moja na maneno mawili ya heshima.

Jirani yangu mtaani ana kijana, sasa ana miaka 13. Akiwa na saba aliponyoka mwembeni akaangukia kiganja, mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Mnaojua mnajua: pale mshipa mkubwa wa damu unapita kando ya mfupa, na ukivunjika ncha yake inaweza kuubana au kuuchoma. Akafungwa mabanzi, yakakazwa sana ili "yashike". Mtoto alilia usiku mzima. Wakubwa walimwambia avumilie, mwanamume halii. Alfajiri aliacha kulia, mama yake akashukuru Mungu kwamba maumivu yamepoa. Vidole vilikuwa vya baridi, rangi imevikimbia. Walipofungua mchana, mabanzi yalikuwa yamechora mistari kama ya jamvi kwenye ngozi.

Nyama isiyopata damu haingoji hata siku moja. Baada ya kama saa sita inaanza kufa. Mtoto aliyefungwa akaongezeka kulia badala ya kutulia, asiyetaka hata kidole chake kinyooshwe, anawaambia jambo hilo kwa lugha pekee aliyonayo. Hapo ni kufungua, vyote, mpaka kitambaa cha mwisho, na kukimbia hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kijana yule mkono wake haukukatwa, ila nyama ya kigasha ilikauka na kusinyaa, vidole vikajikunja ndani, havifunguki. Wenzake wa shule wakampa jina la kaa.

Msiniambie ni waunga mifupa peke yao. Hogo likikazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba hufanya vilevile, na nimeona watu wakirudishwa nyumbani saa mbili baada ya kufungwa, bila neno. Hogo linaweza kupasuliwa upande mzima likalegea. Lakini mgonjwa hajui kama anaruhusiwa kurudi kudai lipasuliwe. Anadhani kuuma ndiko kupona.

Nilipokuwa sina usingizi, simu ikawa ndiyo mwenzangu, nikasoma. Kile chuma chenye pete alichofungiwa kijana wa bodaboda, manesi wanakiita Thomas. Ni jina la Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa kisiwa cha Anglesey, Wales, mwaka 1834, akafanya kazi Liverpool mpaka alipofariki 1891. Mnajua baba yake alikuwa nani? Mwunga mifupa. Si daktari. Evan Thomas, wa ukoo wa waunga mifupa kwa vizazi, ambaye madaktari wa mji walimwandama kwa vile hakuwa na cheti. Akampeleka mwanawe kusomea udaktari, na mwana akachukua macho ya baba akayatia ndani ya elimu ya chuo. Kifaa chake kilidharauliwa akiwa hai. Mpwa wa mkewe, Robert Jones, daktari naye, ndiye aliyekipigania kitumike kwa askari waliovunjika mapaja katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Ufaransa, na vifo vikapungua sana. Vita hiyohiyo ambayo Novemba 1914 ilipiganwa hapa kwetu Tanga, na makaburi yake tunapita kando yake kwa baiskeli.

Kwa nini vifo vilipungua? Paja likivunjika, misuli yake minene huvuta vipande vikapandana, kila mtikisiko unachana nyama ndani, na mtu anaweza kumwaga lita nzima ya damu na zaidi bila tone kuonekana nje. Kifaa cha Thomas kinauvuta mguu ukatulia. Sasa hesabuni wenyewe: rufaa zetu nzito zinakwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC, Moshi. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita kama 350. Mwanakijiji wa Kilindi au Mkinga, kabla hajaingia hata kwenye gari la wagonjwa, amekwisha kubebwa kwenye bodaboda, mguu unaning'inia. Nauliza tu: kila zahanati ya mkoa huu ina banzi la kutosha paja la mtu mzima? Sisemi la chuma. Hata la mbao, na mtu anayejua kulifunga.

Mwana wa mwunga mifupa ndiye aliyewapa hospitali zenu kifaa kile. Ndiyo maana naudhika ninaposikia mgonjwa anafokewa dirishani, "Ulikwenda kwa waganga, sasa umekuja kutuletea uozo!" Akifokewa mmoja, wamesikia kumi kwenye benchi. Wale kumi hawataacha kwenda kwa mwunga mifupa. Wataacha kuja kwenu.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, Baraza lake lipo, na nyinyi waratibu mpo kwenye halmashauri. Tangu mke wangu anifahamu sijawahi kusikia mratibu amekaa na waunga mifupa wa kata yoyote wakazungumza mifupa tu, si dawa za nguvu za kiume wala leseni. Wakusanyeni. Muwape chai, na mkae chini, si wao kwenye mabenchi na nyinyi kwenye meza kuu. Aje daktari wa mifupa mmoja, na wao waje na mabanzi yao. Mfungane mikono kwa mabanzi hayo. Nina hakika daktari ataondoka na kitu pia, japo ni kule kuamka usiku.

Wafundishwe mambo machache wayashike kama Alhamdu: penye kidonda usifunge, peleka. Kiwiko cha mtoto usifunge, wala usikichue, maana kiwiko kilichochuliwa huotesha mfupa ndani ya nyama kikagoma kukunjika. Shingo na mgongo usiguse. Mfupa mwingine wowote, kabla ya banzi, picha. Na ukishafunga, ukucha. Haya si mageni kwao, yamechakaa tu. Babu aliyajua yote isipokuwa picha.

Upande wenu mnachotoa ni mlango. Mwunga mifupa akimleta mtu, apigwe eksirei siku hiyohiyo, aitwe jina lake, aonyeshwe picha kwenye mwanga na aambiwe, "Mzee, huu unaweza kuungwa kwa hogo, huu hauwezi bila chuma." Mara ya tatu atakuwa analeta mwenyewe bila kuitwa. Akiletwa majeruhi wa barabarani, PF3 imfuate kitandani, isimtangulie. Na anayetaka kuondoka asipewe karatasi ya sahihi tu. Aulizwe anakokwenda, apewe nakala ya picha yake. Ni yake. Amevunjika yeye.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi, maana mnayajua kuliko mimi. Bandikeni ukutani chuma cha paja ni kiasi gani, cha muundi kiasi gani, daktari anapasua siku gani, na kadi ya bima ya afya ya mwananchi wa kawaida inalipa nini katika hayo na inaishia wapi. Kuna shirika la Marekani linaitwa SIGN, lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington. Linatoa vyuma vya kupitisha ndani ya uboho vinavyowekwa bila ile mashine ya picha ya chumba cha upasuaji, na hospitali inayotuma taarifa na picha za wagonjwa wake hujaziwa vyuma bila malipo. Vinatumika hapa nchini. Hospitali gani za mkoa wetu zimo? Tajeni, ili ami yangu na wenzake wakikaa kikao wawe na jibu la kumpa mgonjwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko hata kuvunjwa mara mbili, nalo halizungumzwi kabisa: baada ya chuma.

Nilipotolewa Dar niliambiwa maneno mawili, "Fanya mazoezi." Mazoezi gani? Mimi zoezi ninalolijua ni kupiga pedeli. Nikarudi nyumbani, nikalala, nikaweka mto chini ya goti kwa sababu hivyo ndivyo lilivyotulia. Miezi miwili na mto. Nilipotaka kulinyoosha, goti likakataa, limejifunza kukaa limejikunja. Paja likawa jembamba kama mkono wa mtoto. Magongo alinitengenezea seremala wa mtaa, kwa upendo, marefu, yakinibeba makwapani, na baada ya wiki tatu mkono wa kulia ukafa ganzi, kifundo kikalegea, nikashindwa kushika spana. Nikadhani nimepigwa kiharusi. Nikalia, nawaambia ukweli.

Mwezi wa nne ndipo nikakutana na binti mmoja mtaalamu wa viungo, kijana, anaweza kuwa mwanangu. Hakushika kifaa chochote. Aliyatazama magongo akaniambia, "Baba, yakate." Juu yabaki vidole viwili vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja, kiwiko kimekunjika kidogo. Kwapani panapita mishipa ya fahamu ya mkono wote. Akautupa mto. Akaniambia nilale chali, nilikandamize godoro kwa nyuma ya goti, nihesabu mpaka tano, niachie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Nipandishe na kushusha kanyagio la mguu kama ninayekanyaga cherehani. Nikipanda ngazi mguu mzima utangulie, nikishuka mguu mbovu utangulie. Akaniuliza kama navuta sigara. Nikasema kidogo. Akasema mfupa haujui kidogo, sigara huuchelewesha kushika. Nikamwuliza juu ya supu ya makongoro, akacheka, akasema kunywa baba, ila usisahau mayai, maharage na dagaa.

Dakika 20. Mkono ulirudi ndani ya wiki sita. Goti lilirudi kiasi, halikurudi lote. Leo nikipiga baiskeli nimepandisha siti inchi mbili ili lisikunjike sana. Yale angeniambia siku ya kwanza, lingekunjika lote.

Kwa hiyo naomba: mmoja wa wataalamu hao awe na siku yake katika vituo vya afya, si hospitali ya wilaya tu. Siku moja kwa wiki mbili. Kama hawatoshi, na najua hawatoshi, wafundisheni wahudumu wa afya ngazi ya jamii yale ya godoro na magongo. Hayahitaji shahada. Hata seremala wangu naye aitwe aonyeshwe kipimo cha gongo. Angefurahi, ni mtu wa vipimo.

Mimi nimejitolea. Karakana yangu ina kivuli, mabenchi mawili na kahawa. Mkitaka pa kuanzia kikao hicho cha waunga mifupa na madaktari, njooni. Nimeshaongea na wazee watatu wa kazi hiyo, wawili wamekubali. Wa tatu amesema atakuja akiona gari la serikali limeegeshwa kweli.

Yule kijana wa mkono wa kaa alinijia wiki iliyopita na baiskeli aliyonunuliwa na mjomba wake. Breki ya mbele ilikuwa kulia, ya nyuma kushoto, na kulia hawezi kubana. Aliniuliza kama naweza kuzihamishia zote kushoto. Nikachukua kishikio kimoja cha breki, nikatoboa, nikapitisha nyaya mbili, nikazifunga pamoja. Akaijaribu mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akafunga breki mbele yangu, tairi ikachora mchanga. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia aende zake, jua linazama.

Wenu mtiifu,

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga.